Fedha ya Ziada Iamuliwe Mkutanoni

Kila mwaka mwezi wa Juni unapoingia, katika ofisi za Halmashauri zetu za Wilaya huzuka pilikapilika ambayo mwananchi wa kijijini haioni wala haelezwi. Wahasibu hukesha. Hati za malipo hurundikana mezani zikingoja sahihi. Wakuu wa idara hupita mlango hata mlango wakiulizia vifungu vyao. Sababu ya haraka yote hiyo ni tarehe moja tu, tarehe 30 Juni, siku ambayo mwaka wa fedha wa Serikali hufungwa na kila shilingi iliyoandikwa vitabuni yapasa iwe imejulikana ilikokwenda. Na ni katika siku hizo za haraka ambapo mara nyingi huamuliwa jambo lililostahili utulivu kuliko yote: ifanyweje fedha iliyobaki.

Leo twapenda kulizungumza jambo hilo, nasi tutaanzia Kwamsisi.

Walimu wa siku nyingi hawahitaji kuelezwa Kwamsisi ni wapi. Kwa wengine tutasema kwamba ni kijiji, na siku hizi pia ni jina la kata, katika Wilaya ya Handeni, Mkoa wa Tanga. Mwaka 1971 mahali hapo palichaguliwa kufanyiwa majaribio ya shule ya jamii, kazi iliyoongozwa na Chuo cha Ualimu cha Korogwe, ambacho wakati huo kiliitwa Chuo cha Elimu ya Taifa, kwa msaada wa mashirika ya Umoja wa Mataifa ya UNESCO na UNICEF. Shabaha ilikuwa kuuondoa ukuta uliotenga darasa na kijiji. Masomo yatokane na shughuli na shida za wanakijiji wenyewe. Wanakijiji wawe na sauti katika mambo ya shule. Na mwalimu awe mwanakijiji pamoja na wenzake badala ya kuwa mgeni mwenye chaki. Mafunzo yaliyopatikana Kwamsisi yalitumika baadaye katika mpango mkubwa zaidi ulioitwa MTUU, ulioanza mwaka 1976, na ambao ulikusudia kuzifanya shule za msingi kuwa vituo vya elimu vya jamii nzima.

Jaribio hilo lilikuwa tunda la andiko la Elimu ya Kujitegemea, alilolitoa Mwalimu Nyerere mwezi Machi, 1967. Walimu wamelisoma andiko hilo vyuoni, na wengine wetu tumelijibia mitihani Chuo Kikuu. Lakini mna sehemu moja ndani yake ambayo wasomaji wengi huipita kwa haraka. Mwalimu hakuishia kusema kwamba kila shule iwe na shamba. Alisema pia kwamba wanafunzi washiriki katika kuamua juu ya pato la shamba hilo. Mfano alioutoa ni mwepesi kabisa: je, fedha waliyoichuma waitumie kukodi trekta la kutayarishia shamba, au waitumie kwa mahitaji mengine ya shamba au ya shule, na kazi ile nzito waifanye wenyewe kwa mikono yao?

Yafaa tuutazame mfano huo vizuri, maana ndani yake mna somo zima la fedha za umma. Mtoto anayeulizwa achague baina ya trekta na jembe, huku akijua kwamba akichagua trekta hatapata madaftari wala mpira, amekwisha kufahamu kwamba fedha haitoshi kwa kila kitu, na kwamba anayechagua ndiye atakayebeba uzito wa uchaguzi wake. Miaka miwili baadaye, mwezi Mei 1969, Mwalimu aliurudia ujumbe huo mbele ya taifa zima katika hotuba aliyoiita Kupanga ni Kuchagua. Kwa mafundisho hayo, mtoto wa darasa la sita wa mwaka 1971 alistahili kuaminiwa kuamua matumizi ya fedha ya magunia machache ya mahindi. Mtoto huyo leo umri wake umepita miaka 60. Ni mzee, ni mpiga kura, ni mjumbe halali wa Mkutano Mkuu wa Kijiji chake. Je, Halmashauri inapobakiwa na fedha, huulizwa?

Kabla ya kulijibu swali hilo yatupasa tuelewane juu ya neno lenyewe, kwa sababu neno "ziada" limekuwa likifichia mambo mengi.

Iko ziada ya kweli. Hiyo hupatikana Halmashauri inapokusanya zaidi ya makisio yake, tuseme kwa kuwa mvua zimekuwa njema na mahindi yamevunwa kwa wingi, au kwa kuwa mizani na mageuti yamesimamiwa na watu waaminifu. Iko pia ziada ya kubana matumizi, pale kazi iliyokisiwa kwa milioni 50 inapomalizika kwa milioni 45 bila ya kupunguzwa saruji. Hizo mbili ni za kupongezwa. Lakini iko na ya tatu, ambayo kwa hakika si ziada hata kidogo. Fedha ya mradi hushuka wilayani mwezi wa Mei, zabuni haijatangazwa, fundi hajapatikana, Juni inafika na fedha ingali benki. Katika taarifa, fedha hiyo nayo huandikwa bakaa, nayo hukaa mstari mmoja na ile iliyochumwa kwa jasho. Twasema waziwazi kwamba fedha iliyobaki kwa sababu kazi haikufanywa ni deni. Zahanati iliyokusudiwa ingali inadaiwa na wale walioahidiwa, na hakuna kikao chenye haki ya kuigawa upya fedha ile kana kwamba imeokotwa njiani.

Kwa bahati mbaya, ni hiyo ya tatu ndiyo inayowatia watendaji wetu haraka. Chini ya Sheria ya Bajeti ya mwaka 2015, fedha iliyoidhinishwa na Bunge ikabaki bila kutumika hadi mwisho wa mwaka yapasa irejee katika Mfuko Mkuu, isipokuwa pale sheria inaporuhusu vinginevyo. Kanuni hiyo ina hekima yake, maana ilikusudiwa kuwazuia watu kuzilimbikiza fedha za umma katika akaunti za vichochoroni. Lakini imezaa tabia ambayo watunga sheria hawakuikusudia. Mtendaji aliyelala tangu Julai huamka mwezi wa Juni, akanunua chochote kilicho karibu na duka. Semina ya siku tatu hupatikana. Matairi hununuliwa kwa magari ambayo hayajamaliza matairi ya zamani. Ndugu msomaji uliyemo katika utumishi wa Serikali walijua jambo hili kuliko sisi.

Sasa turudi kwenye ziada ile ya kweli, inayotokana na mapato ya ndani ya Halmashauri. Hiyo ni ya nani?

Katika wilaya za Handeni na Korogwe, sehemu ya mapato hayo hutokana na ushuru wa mazao. Mwaka 2017 ushuru huo ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Kwa mujibu wa sheria mlipaji ni mnunuzi. Lakini nani asiyejua kwamba mnunuzi wa mahindi, anapokadiria bei atakayompa mkulima, huwa amekwisha kuuondoa ushuru ule kichwani mwake? Kwa hiyo Halmashauri inapovuka makisio kwa sababu ya mavuno mema, aliyevuka makisio si mkusanya ushuru peke yake. Ni mkulima aliyelima ekari moja zaidi. Kuigawa ziada hiyo bila ya kumsikiliza ni sawa na watoto kugawana nyama ya ng'ombe wa baba yao hali yeye yuko malishoni.

Nchi yetu imelijaribu jambo hili la nani aamue kwa njia nyingi, na historia yake si ndefu mno kuikumbuka. Mwaka 1972 ulikuja mpango wa Madaraka Mikoani, ukazivunja Halmashauri za Wilaya na kuweka mahali pake maofisa walioletwa kutoka Serikali Kuu. Nia ilikuwa kuyasogeza madaraka karibu na wananchi. Kilichosogea zaidi kilikuwa ofisi. Sheria za Serikali za Mitaa zilitungwa mwaka 1982, na Halmashauri zikarudishwa mwaka 1984. Mwaka huo huo wa 1984 Mwalimu mwenyewe alikiri kwamba kuzivunja serikali za mitaa, pamoja na kuvifuta vyama vya ushirika, ni mambo ambayo asingeyafanya kama angepewa nafasi ya kuanza upya. Ni viongozi wachache wanaokiri hivyo wakiwa bado madarakani. Kisha Katiba yetu, katika Ibara za 145 na 146, ikaweka wazi kwamba serikali za mitaa zipo kwa ajili ya kuwapelekea wananchi madaraka. Leo katika wilaya hizi mbili ziko Halmashauri nne: ya Wilaya ya Handeni, ya Mji wa Handeni, ya Wilaya ya Korogwe na ya Mji wa Korogwe. Vyombo vipo na sheria zipo. Tunachouliza ni jinsi vinavyofanya kazi siku ile ambayo fedha imebaki.

Miaka kadhaa iliyopita mwandishi wa maoni haya alihudhuria kikao cha Baraza la Madiwani katika wilaya moja ambayo hatutaitaja, maana haikuwa na kosa kuliko wilaya nyingine. Kikao kilianza saa nne asubuhi. Zilisomwa taarifa za kata, moja baada ya nyingine. Ukazuka ubishi mrefu juu ya mifugo iliyoingia mashambani. Saa kumi na moja jioni, madiwani wakiwa wamekwisha kukunja makabrasha yao, ikafikiwa ajenda ya mwisho, iitwayo Mengineyo. Hapo ndipo ilipogawanywa karatasi ya kurasa mbili, nayo ilieleza kwamba mapato ya ndani yalikuwa yamevuka makisio, na ikapendekeza matumizi. Sehemu kubwa ilikuwa ya matengenezo ya magari na mafuta. Sehemu nyingine ilikuwa ya uzio wa jengo la makao makuu. Iliyobaki ilikuwa ya "kuimarisha ufuatiliaji", maneno ambayo kila mtumishi aliyewahi kujaza fomu ya masurufu ya safari ayajua maana yake. Mama mmoja, diwani wa viti maalumu, akauliza juu ya boma la darasa katika kata yake, lililokuwa limesimama bila paa kwa mwaka wa nne. Akajibiwa kwa adabu kubwa kwamba jambo hilo lilikuwa katika mpango wa mwaka ujao. Karatasi ikapitishwa katika muda usiozidi dakika kumi.

Hakuna aliyeiba. Twalisisitiza jambo hilo, kwa kuwa mjadala wa fedha za umma katika nchi yetu umezoea kutafuta mwizi, na asipoonekana mwizi watu huenda kulala. Kila shilingi katika karatasi ile ilikuwa na kifungu na hati yake. Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali akija huenda akakuta vitabu safi. Ugonjwa tunaousema hapa ni umangimeza: ile hali ya mtu kuona dunia yote kupitia dirisha la ofisi yake, hata gari lake bovu likawa shida kubwa kuliko watoto 90 wanaokaa sakafuni asikokwenda.

Boma lile la yule mama si la peke yake. Mwenye kutembea vijijini Handeni na Korogwe, kama ilivyo katika wilaya nyingi za nchi yetu, hukutana na kuta zilizosimama bila paa: darasa hapa, zahanati pale, nyumba ya mwalimu kule. Kila moja lina habari moja. Wananchi waliitwa mkutanoni, wakaambiwa wainue kuta kwa nguvu zao hadi kwenye lenta, na Halmashauri ingemalizia kwa bati, mbao, milango na madirisha. Wakakubali. Wanaume wakafyatua matofali na kuyachoma. Wanawake wakachota maji, na katika Handeni kuchota maji si maneno mepesi, kwani wilaya hiyo imekuwa na shida ya maji kwa vizazi, hata yakaletwa kwa mabomba kutoka Mto Pangani. Kuta zikainuka. Hotuba zikatolewa. Kisha kukawa kimya.

Uhitaji wa madarasa hayo uliongezeka zaidi tangu Januari 2016, elimu bila ada ilipoanza na watoto wakafurika shuleni. Ilikuwa furaha kubwa na bado ni furaha, lakini furaha hiyo yahitaji paa. Boma lisiloezekwa hunyeshewa. Mvua ya kwanza hulainisha udongo uliounganisha matofali, ya pili huchimba msingi, na baada ya misimu mitatu au minne fundi mwaminifu atakuambia kwamba ni heri kubomoa. Basi fedha ya bati iliyocheleweshwa haibaki pale pale. Inakula pia matofali ya wananchi. Zaidi ya matofali inakula imani yao. Siku Afisa Mtendaji atakapopiga tena mbiu ya mchango, watu wataliangalia boma, watamwangalia yeye, kisha wataondoka kwenda mashambani kwao. Tusiwaite wavivu siku hiyo. Watakuwa wamepiga hesabu.

Na hesabu si ngumu. Serikali imekuwa ikitumia kiwango cha shilingi milioni 12.5 kukamilisha boma moja la darasa. Mwaka 2021, yalipojengwa madarasa mapya kwa fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, kila darasa lilitengewa shilingi milioni 20. Tuchukue mfano tu wa Halmashauri iliyobakiwa na shilingi milioni 100. Kwa fedha hiyo itajenga madarasa mapya matano, au itakamilisha maboma manane. Tofauti ya madarasa matatu imekwisha kulipwa na wananchi kwa migongo yao. Mtu anayeuona uzio wa ofisi kuwa bora kuliko madarasa manane yampasa asimame katika mkutano wa hadhara aseme hivyo, ili asikike.

Taifa letu limewahi kuonyesha kwamba fedha isiyotarajiwa yaweza kutumika vyema. Kampuni ya BAE Systems ya Uingereza ilipolipa mwaka 2012 fidia ya paundi milioni 29.5 kutokana na biashara ile ya rada, fedha iliyokuja kuitwa na wananchi "chenji ya rada" ilielekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi. Sherehe za Uhuru za Desemba 2015 zilipofutwa, shilingi bilioni 4 zilipelekwa kupanua barabara ya Mwenge hadi Morocco, Dar es Salaam. Mwezi Aprili 2016 Bunge lilikabidhi shilingi bilioni 6 zilizookolewa katika matumizi yake, zikanunuliwa madawati. Tuliyapongeza matendo hayo, na hatujutii. Hata hivyo, jambo moja lafaa kusemwa. Katika matendo hayo uamuzi ulitoka juu kabisa. Ulikuwa mwema kwa kuwa waliouamua waliutaka uwe mwema. Wilaya haiwezi kuutegemea moyo wa mtu mmoja, maana wakurugenzi huhamishwa na madiwani hubadilika kila miaka mitano, lakini boma hubaki pale pale.

Majirani zetu wa Kenya, tangu serikali zao za kaunti zilipoanza mwaka 2013, hubanwa na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012. Matumizi ya nyongeza ya kaunti lazima yafikishwe mbele ya bunge la kaunti, na sheria imeyawekea ukomo wa asilimia 10 ya fedha iliyokwisha kuidhinishwa. Jiji la Porto Alegre, nchini Brazil, lilifika mbali zaidi kuanzia mwaka 1989: wakazi wa mitaa walikutana na kupanga wenyewe orodha ya kazi zitakazotangulia, ndipo fedha ikafuata orodha. Hatusemi tuige kila la wageni. Twasema tu kwamba jambo hilo la pili, orodha kutangulia na fedha kufuata, halikuwa geni Kwamsisi, ambako ilitakiwa shughuli za kijiji zitangulie na masomo yafuate.

Wako watendaji, tena waadilifu, ambao watatuambia kwamba haiwezekani kuitisha mikutano ya vijiji vyote kila zinapobaki milioni chache, na kwamba Juni haingoji. Hoja hiyo ni ya kweli na hatuipuuzi. Mlolongo wa kupanga bajeti tayari ni mrefu: Halmashauri ya Kijiji, Mkutano Mkuu, Kamati ya Maendeleo ya Kata, wataalamu wa wilaya, Kamati ya Fedha, Baraza, Mkoa, Wizara, Hazina, Bunge. Kuupitisha tena upya kwa ajili ya bakaa kungekuwa ni kuizika fedha yenyewe.

Ndiyo maana pendekezo letu ni kwamba uamuzi ufanywe kabla fedha haijaonekana. Vijiji vinapokutana kupanga mipango ya mwaka unaofuata, kila kimoja kitaje pia kazi moja iliyokwisha kuanzwa kwa nguvu za wananchi ambayo kinataka imalizwe endapo fedha itapatikana. Kata izipange kazi hizo kwa umri wake, la zamani zaidi litangulie. Baraza liipitishe orodha ya wilaya nzima siku ile ile linapopitisha bajeti, asubuhi, si katika Mengineyo. Ziada ikipatikana ishuke katika orodha hiyo kama maji katika mfereji: boma la kwanza likipata paa, la pili lifuate, hata fedha imalizike. Mkurugenzi hatahitaji kubuni lolote mwezi wa Juni. Atahitaji kusoma.

Twachagua umri wa kazi kuwa kipimo kwa makusudi. Mkutano wa kijiji si malaika. Penye mkutano pana wenye sauti kubwa na wenye aibu ya kusema. Pana kitongoji cha barabarani na kitongoji cha mbali ambacho watu wake hufika wakati wengine wanaondoka. Wako wakulima, na wako wafugaji ambao mara nyingi hawaalikwi. Kipimo cha fasaha kingempa ushindi yule mwenye ulimi. Kipimo cha mwaka ulioandikwa hakimjui mtu.

Yako mambo ambayo lazima yaitangulie orodha hiyo, wala hatutaki yafichwe. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 yaitaka Halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Makusanyo yakivuka makisio, sehemu ya vikundi nayo ivuke. Kisha yako maafa. Mvua kubwa za Oktoba 2019 zilipoharibu barabara na madaraja katika Handeni na Korogwe, hakuna mtu mwenye akili ambaye angesema tungoje foleni ya maboma.

Na yako madeni ya watumishi. Hapa twajua kwamba tunazungumza na wenye jambo lao. Mwalimu aliyehamishwa kutoka shule moja hadi nyingine akabeba vyombo vyake kwa fedha ya kukopa, au aliyekwenda likizo kwa nauli yake mwenyewe akaahidiwa kurudishiwa, anaidai Halmashauri pale deni hilo linapokuwa lake, kama vile mwenye duka la saruji anavyoidai. Deni lililohakikiwa lilipwe, nalo litangulie uzio na rangi ya ofisi. Lakini mtumishi huyo huyo asikubali posho ya ufuatiliaji usiofuatilia kitu ihesabiwe pamoja na haki yake, maana posho hiyo ndiyo inayoila nauli yake ya likizo. Wengine watasema kwamba kwa kuyasema haya twawachonganisha watumishi wao kwa wao. Mwalimu anayefundisha chini ya mwembe na ofisa anayeomba mafuta ya safari ya nne kwa mwezi wamekwisha kutofautiana bila ya msaada wetu.

Mkutano Mkuu wa Kijiji hutakiwa kukutana kila miezi mitatu. Katika mkutano unaofuata mwisho wa Juni, Afisa Mtendaji asiseme tu kijiji kimepokea kiasi gani. Aseme pia Halmashauri ilibakiwa na kiasi gani, boma lipi limepata paa, na la kijiji hiki limebaki la ngapi. Mwananchi anayejua kwamba yeye ni wa saba, na kwamba mwaka jana alikuwa wa kumi na tano, aweza kungoja. Asiyejua lolote hawezi, wala hana sababu ya kungoja.

Kwa kuwa wasomaji wetu wengi ni walimu, tutamalizia na kazi ambayo haihitaji waraka wowote kutoka Dodoma. Mwalimu Mkuu ni Katibu wa Kamati ya Shule. Shule yake ikiwa na boma, aende nalo pamoja na wajumbe wawili wa Kamati, mmoja akiwa mwanamke, na wanafunzi wa darasa la saba wenye futi kamba na daftari. Waandike mwaka kuta zilipoanza kuinuliwa. Waandike matofali mangapi yalitolewa na wananchi na mifuko mingapi ya saruji ilinunuliwa kwa michango. Wapime urefu na upana, wapige hesabu ya mbao za kenchi na za papi, bati za geji 28, milango, na madirisha. Ni hesabu ya darasa la saba kabisa. Wapige muhuri wa shule. Nakala moja iende kwa Afisa Mtendaji wa Kata ili iingie katika kikao cha Kamati ya Maendeleo kabla bajeti haijaanza kupangwa, ya pili ibaki katika jalada la shule, na ya tatu ibandikwe mlangoni mwa ofisi ya kijiji, kwa wino unaosomeka.